Mstari wa Penseli

Jumamosi ni siku ya kuoga kwa mvuke.
Hapa kisiwani Hiiumaa hata aliyenuniana na mumewe
humsugua mgongo siku hiyo.
Ndiyo maana niliuona mimi kwanza:
duara, ndani yake duara, ndani yake tena,
wekundu umejipanga begani mwa Heldur
kama msonobari uliopasuliwa jana.

Nilicheka. Nikamwambia, fundi,
miaka arobaini na mmoja unavuta vumbi la mbao,
sasa mbao imekuota mwilini.
Naye akacheka, akakohoa,
akaongeza maji kwenye mawe ya moto.

Daktari wa bandarini alisema ni fangasi.
Dawa ya kupaka, ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu ilinuka samaki, ikaniharibia shuka za kitani.
Usiku alijikuna kwa rula ya chuma.

Mimi si msomi, ila nimeishi na vipimo.
Nikachukua penseli yake, ile bapa,
nikapiga mstari ukingoni mwa duara la nje
kama anavyopiga yeye kabla ya msumeno.
Asubuhi wekundu ulikuwa umeuvuka
kwa upana wa ukucha.
Nikapiga wa pili. Ukauvuka.
Wa tatu.
Siku ya tano mgongo wa mume wangu
ulikuwa na alama kama ubao wa kabati,
nami sikuwa nacheka tena.

Feri, kisha basi, kisha basi jingine, hadi Tartu.
Daktari Piret, mdogo kuliko binti yetu,
alifuata mistari yangu kwa kidole chenye glovu.
Nani amechora?
Nikasema ni mimi, na tarehe ninazo,
nimeziandika nyuma ya risiti ya gundi.
Akazisoma mara mbili.
Kisha akauacha mgongo kabisa,
akamgeuza: kohoa.
Heldur akanong'ona, nimeleta mgongo,
wao wanapiga picha kifua.

Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema watu.
Hiki kilikuwa kimepita nguo, kimepita ngozi,
kimekaa chini ya pafu la kushoto,
ukubwa wa kokwa ya plamu,
kimya, hakiumi.
Ngozi ndiyo iliyoshindwa kunyamaza.

Walipokitoa, duara zilififia moja moja
kwa wiki mbili, bila dawa ya kupaka,
kama maji yanavyosahau jiwe.

Kupona? Daktari hatumii neno hilo.
Anasema, njooni Machi.
Mgongoni umebaki mstari mmoja tu, wa mshono,
na Heldur akiutazama kwenye vioo viwili
husema umepinda,
mwanagenzi wake angeurudia.

Jumamosi namsugua polepole.
Penseli ipo kwenye rafu, kando ya sabuni, imelowa.
Taa ya humu ilikuwa hafifu;
nimeweka ya pili.