Ruhusa ya Siku Tatu

Kompyuta tuliinunua kwenye mnada wa ofisi iliyofungwa,
tukaileta Isevya kwa baiskeli.
Herufi M imefutika kwenye kibodi,
feni inakoroma kama mtu mwenye mafua.

"Kipanya huku. Spika pale. Hapana, baba, geuza."
Baba akageuza. Ikagoma.
Akageuza tena,
ikaingia kwa upande ule ule wa kwanza.

Miaka thelathini alibadilisha njia za treni hapa Tabora,
hii ya Mwanza, hii ya Kigoma,
wala hakupeleka behewa kusikotakiwa.
Leo tundu la upana wa ukucha linamtoa jasho.

Modemu ikawaka kijani. Simu ikakubali.
Printa tuliyoazima kwa muuza asali
ikatukodolea jicho jekundu.
Kalunde akainama chini ya meza:
kumbe waya haujafika mwisho.
Sukuma.

Ikaguna, ikavuta karatasi
kabla hatujaiagiza kitu.

Barua. Si yetu.
Imekaa foleni humo ndani tangu Machi ya mwaka juzi,
ikingoja mashine ya kuitoa.

*Naomba ruhusa ya siku tatu.
Mama yangu amelazwa Kitete.*
Chini yake: M. Mihambo.

Kalunde akataka kuikunja.
"Lete kalamu," baba akasema.
Akavaa miwani, akaandika pembeni
kwa mwandiko wake wa daftari la zamu:
*Imekubaliwa. Nenda sasa hivi.*

Kisha tukachapa lebo za asali,
arobaini na nane,
wino hafifu.