Beba Kalamu Yako

Tusekile, usiende Jumatatu.
Jumatatu Tukuyu ni siku ya vikao,
utakalia benchi mpaka baridi ikuhesabu mbavu.
Nenda Jumanne, ukungu ukiwa bado miguuni mwa migomba,
na karatasi zizungushie nailoni mara mbili.
Mimi barua ya mtendaji ililowa njiani, Kyimo,
muhuri ukayeyuka, likabaki doa la zambarau.
Nikarudishwa.

Chumba cha tatu, mlango wa buluu usiofunga.
Muulizie Bi Nkundwe wa Ustawi. Anaongea taratibu,
haangalii saa.
Atasema "malezi ya kambo", usikunje uso.
Neno hilo lina miiba vinywani mwa majirani;
mezani kwake ni jina la fomu.
Kuasili ni jambo jingine, la mahakama, la baadaye.
Nililitafuna neno hilo kwenye foleni:
kumpa mtoto asili,
kana kwamba alikuja mikono mitupu,
kumbe Ambilikile alikuja na mluzi wa mama yake
na namna yake ya kumenya kiazi
kuanzia katikati.

Cheti cha kuzaliwa hana? Sema hana.
Kadi ya kliniki iliungua na nyumba? Sema iliungua.
Bima, sare, dawa za kifua, uliza yote siku hiyohiyo.
Wakikuambia njoo kesho,
uliza: kesho ya tarehe ngapi?
Andika jina la aliyekujibu.

Watakuja kuona nyumba.
Usiazime kitu.
Mimi niliazima godoro kwa mama Lugano,
nikalitandika shuka la maua, nikajipongeza.
Bi Nkundwe akalibonyeza kwa kiganja.
Mtoto, miaka sita, akasema kwa adabu zote:
"Hili linarudi jioni."
Nilitamani Mlima Rungwe uniangukie.
Yeye hakucheka. Aliandika, akaandika,
chai ikapoa ikaota ngozi.
Miezi mingi baadaye faili lilikuwa wazi mezani,
nikalisoma kichwa chini miguu juu:
Godoro la kuazima.
Mtoto anasema kweli mbele ya mlezi, bila hofu.
Na chini yake, muhuri mkavu.

Kuna usiku atakuita jina la mtu mwingine.
Itika.
Hilo hakuna chumba watakachokufundisha,
si cha tatu, si cha tisa.

Ah, nusura nisahau.
Kalamu ya pale imefungwa kamba kwenye mguu wa meza.
Inafika kwenye jina, inafika kwenye kijiji,
inafika mpaka kwenye idadi ya kuku.
Haifiki mstari wa mwisho,
ule wa uhusiano wako na mtoto.
Beba yako.