Ukoo wa Arobaini na Moja

Februari. Njia ya Kasenga imekuwa uji mwekundu,
nami naingia shambani na sindano na chupa.
Ndani ya chupa mna maji ya kijani:
kuvu niliyoilea mwenyewe, wiki mbili,
kwa joto la kuangulia vifaranga.

Leo nawalisha sumu watoto wangu.
Mmoja mmoja, chini ya ganda,
ndevu za hindi zinapoanza kukauka,
nachoma, nasukuma, nahesabu hadi tatu.
Wewe. Na wewe. Na wewe, arobaini na moja,
mfupi kama mtu aliyeitwa akakataa kusimama.

Mwewa, anayeshika daftari, ananiuliza:
"Daktari, mama anayewatia wanawe ugonjwa
ili ajue yupi atapona, tunamwitaje?"
Namwambia andika tarehe.

Vizazi sita nimewafungia nyumba moja:
mbelewele za bua hili juu ya ndevu za bua hili hili,
mfuko wa kaki, pini, penseli,
upepo wa jirani usipenye.
Kwa binadamu, ndoa hii ingeitishiwa kikao cha ukoo.
Ndiyo maana wamedumaa.
Damu ikijirudia mno hukonda,
na ikikonda, siri yake huonekana mbavuni.

Baba hakuwa mlevi. Nalisema hapa
kwa sababu wote waliomshika mama mkono msibani, Katuba,
walilikumbuka tumbo lake lilivyovimba, wakanong'ona: lutuku.
Hakunywa. Alikula bukari.
Asubuhi bukari iliyolala, usiku bukari ya moto,
ya gunia lililonyeshewa juu ya lori
likaanikwa, likasagwa, kwa kuwa gunia ni gunia.
Mama alichambua kwenye lungo, nyeupe huku, za kijani kule,
na za kijani hakuzitupa.
Kuku wale. Jirani achachue.
Nyumba ya mshahara uliochelewa haina jalala.

Mei, mvua imekatika. Tunamenya.
Ukoo wa tatu: vumbi la kijani hadi kwenye gunzi.
Wa kumi na saba: unanuka chumba kilichofungwa.
Wa ishirini, mnene, mweupe, kila mtu aliupiga picha.
Tukausaga, tukauweka chini ya taa ya zambarau,
ukang'aa kama macho ya paka uvunguni.

Arobaini na moja: hindi la kidole gumba,
safu nane, punje ngumu,
rangi ya jino la mvuta tumbaku.
Kuvu ilifika. Niliiona njia ya sindano,
kovu jeusi, na punje mbili zimekufa kandokando.
Punje ya tatu ilikuwa imefunga mlango.
Chini ya taa: giza.
Mwewa akaizima, akaiwasha tena, giza lile lile,
akasahau kuandika.

Zilizobaki tunachoma. Ndiyo sheria.
Jioni nakuta jivu ni dogo kuliko hesabu,
na Papa Kabulo, mlinzi, anatazama matairi ya baiskeli yake.
Gunia limefungwa nyuma kwa mpira.
Sikumfokea. Nilimweleza ini la baba, yote,
hata harufu.
Nikashika pembe mbili za gunia, yeye mbili,
tukalirudisha motoni.

"Hii yako nzuri," akasema, "itatufikia lini?"

Nikahesabu kimoyomoyo: kuioza kwa ukoo wenye kimo,
misimu mitatu; majaribio, mitatu mingine;
kisha mbegu, kisha bei ya mbegu,
kisha kina mama wa soko la Kenya na rangi ile ya tumbaku.
"Wajukuu wako wataila," nikasema.

"Wajukuu ninao tayari," akasema Papa Kabulo.
"Wanakula leo."

Tukasimama.
Moto ulikuwa unanukia bisi.