Dirisha Namba Nne

Katiba imezitaja lugha thelathini na saba.
Dirisha la pensheni, mjini Oruro, linajua moja.

Nicasia Tarqui anaeleza shida yake kwa Kiaymara,
taratibu, kama anayemenya kiazi kingali moto.
Karani hainui uso:
"Kwa Kihispania, mama. Anayefuata!"

Juu ya kichwa chake bango la wizara
linamkaribisha bibi kwa Kiaymara,
herufi mbili zimekosewa.

Mara simu ya karani inalia.
Anainama chini ya meza, ananong'ona
lugha ileile, laini,
ya mtoto aliyeitwa kula.

Nicasia haondoki.
Anangoja amalize, anagonga kioo:
"Msalimie mama yako.
Haya, sasa tuanze upya."