Mtu wa Namna Gani

Miaka ishirini na tisa bandarini
nilipiga mhuri magari ya watu.
Nikiyajua kwa nambari za chesisi
kama mkunga ajuavyo watoto wasio wake:
hili la daktari wa Voi, hili la mheshimiwa,
hili la shirika, litakwenda kambini.
Yakishuka melini yananukia mpira mpya,
nami narudi Kibokoni kwa miguu.

Leo kiinua mgongo kimeingia.
Niko yadi, Ganjoni, saa nne na jua lake,
nimevaa viatu vya harusini
nisidhaniwe wa kuuliza bei tu.

Twalib muuzaji akaanza na Landikruza nyeupe,
bomba la kupumulia limepanda hadi paani
kama mpiga mbizi aliyepotea njia.
"Mama, hii yavuka mto, maji yafike hapa!"
Mto gani? nikamuuliza.
Nikapanda; goti la kushoto likagoma.
Nilipokaa niliona utosi wa kila mtu,
hata wa mwenye mkokoteni wa madafu.
Sikupenda. Nilifanana na bosi wangu wa mwisho.

Ya pili nyekundu, winchi mbele, taa sita juu,
imepambwa kama bibi harusi asiyejua bwana ni nani.
Nikainama, nikakwaruza fremu kwa ufunguo wa nyumba:
kutu ikamwagika kama bizari.
Twalib akatazama simu yake.

Kisha akasema, kwa kuchoka nadhani,
"Kwani weye, mama, ni mtu wa namna gani?"

Hakuna aliyepata kuniuliza.
Ofisini waliuliza nambari ya kazi.
Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu,
aliuliza chumvi iko wapi.

Mimi ni mtu wa kufika mapema nikasubiri nje.
Wa kubeba maji hata penye mfereji.
Wa kuogopa mteremko kuliko mlima.
Na njia yangu mbaya ni moja tu:
kilomita tisa za Mkongani, udongo mwekundu,
masika ikifika huwa sabuni,
hadi kwa dada yangu Mwanamvua
aliyebaki na mikorosho na mguu mmoja mzima.
Mara ya mwisho bodaboda ilinitua katikati.
Nilifika na tope la magotini, mahamri yamelowa,
naye keshalala na njaa yake.

Ndipo nikaiona, nyuma, kando ya tangi la maji:
Suzuki ndogo, kijani cha mchicha uliochoka,
tairi la akiba mgongoni kama mtoto.
Kwenye kioo, kibandiko cha Kijapani,
tarehe ya oili imeandikwa kwa kalamu,
herufi ndogo, zimenyooka.
Mwandiko wa karani.

"Hiyo? Hiyo haina heshima barabarani."

Nikashika gia ile fupi, ya tope.
Ngumu, kama mlango wetu wakati wa mvua:
yataka bega, kisha hutii.
Nikapima upana kwa hatua: mbili na kiganja.
Kichochoro chetu ni tatu.
Nikainama tena, nikakwaruza.
Ufunguo ukalia, chuma kwa chuma.

"Bei?"
Akaitaja.
Nikavua kiatu kimoja, halafu cha pili,
nikakaa kwenye usukani, nyayo tupu juu ya pedeli.
"Anza tena, mwanangu," nikamwambia.
"Mara hii itaje kama wamtajia mtu wa forodha."