Duaradufu

Usiku kucha naenda nimekaa.
Lori la kukwangua theluji, taa ya manjano kichwani,
mji wa Kemi, Januari, jua limesusa.
Mitaa yote nimeipitia, na makalio yangu
hayakuinuka kitini ila mara moja, kwenda haja.

Asubuhi narudi nyumbani, nasimama,
naenda
nisiende popote.

Daktari, kijana mwenye masikio mekundu,
alisoma namba zangu kama asomaye bili:
sukari, presha, kilo tisini na saba.
Hakusema mnene. Alisema "tupunguze",
utadhani naye atabeba nusu.

Mashine niliinunua kwa Aune, anayekaa chini yangu,
euro arobaini. Ilikuwa ya marehemu mumewe.
Tuliipandisha mimi na mwanawe, Jouni,
ngazi thelathini na nne, na kwenye ya ishirini
niliketi nikahema kama mbwa wa Julai.
Jouni akautazama ukuta kwa adabu.

Nilipoiwasha, kioo kikaandika:
HUJAMBO TAUNO. UMRI 71. UZITO 104.
Kitabu cha maelezo kimepotea. Sijui kumfuta.
Basi kila alfajiri nasalimiwa kwa jina la maiti,
nahesabiwa jasho la mwanamume mzito kuliko mimi,
napunjiwa kwa faida yangu,
nami sikatai.

Mguu unapanda, unasukuma, unashuka, unarudi;
mkono wa kulia unaufuata mguu wa kushoto
kama wagomvi waliolazimishwa kucheza.
Si duara hili. Shuleni tulilichora kwa uzi na misumari miwili:
duaradufu,
duara lililofunga mkanda.
Nami ndani yake nafunga wangu.
Tundu la ngapi, usiniulize.

Dakika ya kwanza nina heshima zangu.
Dakika ya nne naliomba radhi kila andazi la iliki
nililokula gizani, injini ikinguruma, mkono mmoja kwenye usukani.
Dakika ya tisa simwombi mtu kitu.
Dirishani, theluji niliyoiondoa usiku
inaanguka tena palepale.
Barabara nayo hunenepa, mama.
Hukondeshwa, hunenepa, na hakuna aitukanaye.

Wiki sita: kilo mbili na nusu.
Siagi nimeacha nusu. Nusu iliyobaki
bado tunaandikiana barua.

Halafu ule mlio. Kwii-ka. Kwii-ka.
Bawaba ya kushoto, kila hatua, tangu siku ya kwanza.
Nikaleta grisi kutoka karakana, nikapaka kwa kidole.
Kimya.
Nikatembea siku mbili kama mwizi aliyevaa soksi.

Siku ya tatu, kengele ya mlango.
Aune, gauni la kulalia, nywele upande mmoja.
"Unaumwa?"
"Hapana."
"Umeacha?"
"Nimeitia grisi tu."
"Ahaa," akasema. "Vizuri."
Hakuondoka. Akaukwaruza mwimo wa mlango kwa ukucha.
"Miaka kumi na mmoja nilimgombeza kwa mlio ule."
Kisha akashuka, akishika reli,
ngazi moja, kituo, ngazi moja.

Nilikuwa na usingizi wa zamu nzima machoni.
Nikachukua kitambaa na spiriti,
nikaifuta bawaba, nikafuta na tundu la skrubu,
mpaka chuma kikawa kikavu kama koo.
Nikapanda.

HUJAMBO TAUNO.

Sijambo, nikamjibia.
Kwii-ka.
Kwii-ka.
Na huko chini, taratibu,
mtu akafungua bomba, akajaza birika.