Na Kimoja Zaidi

Barua iliingia saa nne, umeme umerudi punde,
kutoka kwa Bi. Sikudhani Lukindo wa Kibada:
"Fundi, salaam. Viambatisho hivyo. Kazi njema."
Fundi Mbwambo kasimama nyuma ya kiti changu,
vumbi la mninga kwenye nyusi, penseli sikioni.
Hana kompyuta. Anwani yake ninayo mimi,
na neno la siri pia,
kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo.

Chini ya barua picha mbili, ukubwa wa stempu:
kitanda kwa mbele, kitanda kwa ubavu.
Pembeni, kwa rangi ya majivu,
alama ya kujumlisha, na moja.
Niliiona kama unavyomwona nzi
kwenye glasi ya mtu mwingine.

Nikachapa mbili. Mia tano kila ukurasa.
Akaondoka akipuliza wino ukauke.

Siku kumi na mbili randa ililia.
Tano kwa sita, maana Keko hii
kitanda kisichosemewa kitu ni tano kwa sita.

Mama akaja na kirikuu, na mwanawe Hamduni,
anayecheza kikapu, aliyeinama kupita
chini ya bango langu la FOTOKOPI LAMINESHENI.
Akajilaza kujaribu.
Nyayo zikaning'inia nje, na vifundo,
na kipande cha muundi.
Hakuna aliyecheka.

Nikaifungua tena barua. Nikabofya ile alama.
Ikajikunjua: ukurasa wa daftari, umepigwa picha kiubavu,
kalamu nyekundu, *urefu saba na nusu*,
mistari miwili chini yake.

"Mbona kwangu vinaonekana vyote?"
Akanionyesha simu: vitatu, wima,
kila kimoja kimejaa kioo.
Alidhani ninaona anachoona.

Sikuilaumu programu.
Basi, niliilaumu kidogo.
Jambo zito namna ile, unalisema kwa mnong'ono,
kwa rangi ya majivu?
Fundi alitoa penseli sikioni,
akaitazama ncha,
akairudisha.

Mninga mwingine ulinunuliwa. Kitanda cha kwanza kiko kwangu,
chumba cha nyuma, Mtoni kwa Azizi Ali.
Elfu ishirini kila Ijumaa, mpaka Novemba.
Mimi mfupi. Kinanitosha, tena kinabaki.
Pale kinapobaki, miguuni,
naweka rimu za karatasi.
Tatu. Nimezihesabu.